Peni za mbao: supagluu inatoa weupe, mpingo unapasuka, nianzie wapi?

Mkereza_Nkuhungu

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Mi nipo Dodoma, Nkuhungu, nakereza peni za mbao kwa mashine ndogo ya umeme, wateja wangu wengi ni watu wa mahafali pale UDOM na maofisi ya serikali ya Mtumba wakitaka zawadi za wageni. Mbao natumia mninga, mabaki ya mafundi vitanda hapa hapa mjini, na mpingo ambao nachukua vipande kwa wachongaji wa Mwenge kila nikishuka Dar.

Finishi yangu ni supagluu. Napaka ile nyepesi kama maji kwa kipande cha tishu huku peni inazunguka taratibu, koti juu ya koti, sasa kiangazi hiki gundi inagoma kukauka kwa hiyo kila koti napiga ile spreyi ya kukaushia inayouzwa pamoja na gundi ya MDF (zile mbao za unga za makabati). Ikishakauka nasugua na msasa wa maji kuanzia 800 mpaka 2000 namalizia na kompaundi ya gari. Ikitoka hapo mteja anajiona uso.

Shida ni kwamba haikai hivyo. Mninga ukishafunga vyuma, kesho yake au wiki ijayo unaona pete nyeupe kwenye ncha, pale mbao inapokutana na chuma, upana wa milimita mbili tatu. Halafu kuna zingine zina ukungu mweupe katikati kabisa ya peni, huo unauona hata kabla hujashuka mashine. Mpingo ndo unaniua, hauna weupe wowote ila unakuja kupata ufa mwembamba wa kwenda na urefu wa peni, ukipitisha kucha unaisikia. Ofisi moja imenirudishia mzigo na maneno juu.

Gundi ni ile ile, mkono ni ule ule. Naombeni msaada, mahafali hayo yanakuja.

FundiPwani

Hiyo gundi feki mkuu, wala usiumize kichwa. Vile vitubu vya mia tano vinakaa juani kibandani mwezi mzima, vikifika kwako vimeshachoka. Mi nipo Temeke nakereza mpingo huo huo wa Mwenge, napaka gundi ya chupa kubwa na sijawahi kupata ufa hata siku moja. Badilisha gundi.

Fundi_Simu_Majengo

Kuhusu gundi kuchoka FundiPwani yuko sahihi, sisi wa simu tunaijua hiyo. Supagluu ikizeeka inakuwa nzito, inavutika nyuzi, na kukauka inachelewa. Nunua mpya, ambayo hujafungua weka kwenye friji, ila siku ya kuitumia itoe iache ifikie joto la chumba kwanza ndo ufungue, ukifungua ya baridi unyevu unaingia chupani na chupa nzima imekwisha.

Kingine usije ukapakia pamba. Supagluu na pamba havipatani, inachemka ghafla inatoa moshi na inaunguza vidole. Hata vitambaa vya pamba na glavu za pamba usitumie. Tishu ya jikoni inatosha. Na fungua dirisha, ile hewa yake inakata macho vibaya.

DadaKerezo_Singida

Jamani tusimpoteze kijana, anataja magonjwa matatu na sisi tunampa dawa moja. Gundi inahusika kwenye moja tu, na hata hapo kosa ni la spreyi.

Nianze na ule ukungu wa katikati kwa sababu ndo rahisi. Supagluu haikauki kama rangi ya mafuta, haitoi kitu ikaenda hewani ikabaki ngumu. Unyevu ulio hewani na juu ya mbao ndo unaoiamsha, kidogo tu unatosha, inaanza kujishika yenyewe kwa yenyewe. Sasa Dodoma kuanzia Mei mpaka Novemba hewa kavu, mchana na ule upepo ndo kabisa, gundi haipati cha kuiamsha kwa hiyo inazubaa. We ukaona dawa ni spreyi. Spreyi inaikausha kwa sekunde, ila ukipiga karibu au ukipiga gundi ikiwa nene inapata joto inachemka, vinatokea viputo vidogo ambavyo jicho halivioni kimoja kimoja, linaona ukungu tu. Huo ukungu upo ndani ya koti, usijisumbue na kompaundi, hautoki.

Kama lazima upige spreyi basi simama mbali, kama sentimita 30, puliza mara moja peni ikiwa inazunguka, uache. Mi kiangazi sipigi kabisa. Naweka beseni la maji na taulo lililolowa karibu na mashine, nafunga dirisha la upande wa upepo naacha la upande mwingine wazi, koti jembamba, nasubiri dakika kadhaa, koti lingine. Makoti nane mpaka kumi na mbili membamba, kila moja likiwa limeshashika kabla ya linalofuata. Ni kazi ya uvumilivu, nakubali, oda ikiwa kubwa inachosha.

Pete nyeupe ya pembeni ni kitu kingine kabisa na ina sababu mbili zinazofanana kwa macho. Nijibu kwanza: unapomaliza kupaka, zile bushi za chuma, zile pete zinazokaa ncha mbili za peni kwenye mashine, unazitenganishaje na peni?

Mkereza_Nkuhungu

Asante sana dada. Bushi zinakuwa zimeganda na gundi, nazizungusha kwa koleo mpaka zinaachia, unasikia "ta!" ndo zimetoka.

DadaKerezo_Singida

Hiyo "ta!" ndo pete yako nyeupe kaka. Gundi imepita kutoka kwenye mbao ikapanda kwenye bushi, imekuwa ganda moja. Ukivunja, ganda halikatiki sawasawa pale kwenye mstari, linanyanyuka kidogo kutoka kwenye mbao na hewa inaingia chini yake. Weupe unaouona ni hewa. Siku ya kwanza unaweza usiuone, ukibana vyuma kwa presha unaongezeka.

Sababu ya pili ni maji ya msasa. Mninga una vinyweleo vikubwa, ncha yake inakunywa maji vibaya sana. We umeziba ubavu wa peni kwa gundi, ila kichwani pale mbao ilipokatwa hujapaka kitu, unasugua na maji, maji yanaingilia kichwani yanakaa chini ya finishi yanatafuta pa kutokea. Mpingo hauonyeshi hilo kwa sababu umeshikana sana, hauna pa kupitisha maji, ndo maana ukasema mpingo hauna weupe.

Kujua ni ipi, chomoa vyuma kwenye peni moja yenye pete, chukua gundi nyepesi mpya, weka tone dogo kwa ncha ya sindano pale ukingoni ulivyonyanyuka. Weupe ukimezwa hapo hapo unaona rangi ya mbao inarudi, ni hewa, na umeshaitibu tayari. Usipomezwa ni maji, hiyo iache sehemu kavu siku kadhaa kwanza. Halafu ile yenye ukungu katikati kwangua kidogo na wembe uangalie pale ulipokwangua kwenye mwanga, niambie umeona nini.

FundiPwani

Dada umeelezea vizuri ila mi bado nasema gundi. Mbona mpingo wangu haupasuki?

DadaKerezo_Singida

Hapo ndo penyewe FundiPwani, wewe ndo umetupa jibu la mpingo bila kujua 😄

Wote wawili mnachukua vipande Mwenge. Wewe unavikerezea Dar na peni zinabaki Dar. Yeye anavibeba anavipandisha Dodoma, zaidi ya mita elfu moja juu, hewa kavu, anakereza fasta anauza. Kijana, hebu tuambie zile zilizopasuka ziliishia wapi, na kuna ulizouza zikaenda Dar?

Mkereza_Nkuhungu

Aisee. Zilizorudishwa zote ni za ofisi za hapa hapa, tena ofisi yenye AC. Kuna mzigo wa mpingo ulienda Dar kwa SGR zawadi za harusi, hao sijasikia malalamiko mpaka leo. Mi nilijua wale ni waungwana tu.

DadaKerezo_Singida

Sio uungwana, ni hewa ya bahari. Mpingo unakauka taratibu kuliko karibu mbao zote tunazoshika, na vipande vya wachongaji mara nyingi ndani bado vibichi, nje vinaonekana vikavu kwa kuwa vimekaa juani. Hata kikiwa kikavu kwa Dar, kwa Dodoma bado kina maji ya kupoteza. Ukikipeleka kwenye ukavu kinasinyaa. Sasa ndani ya peni kuna mrija wa brasi, na brasi haisinyai, mbao inaubana mrija, inakosa pa kwenda, inachanika kwa urefu. Finishi ya gundi juu ni ngumu haina mnyumbuliko inachanika nayo. Hata ungepaka gundi ya Marekani ingepasuka.

Mninga ni mpole kwenye hilo, ukishakauka hausinyai sana wala hauvimbi sana, ndo maana mafundi milango wanaupenda. Kwa hiyo mninga wako una weupe hauna ufa, mpingo una ufa hauna weupe. Ingekuwa gundi feki vyote vingekuwa na ugonjwa mmoja.

MzeeSeremala_Kongwa

Wanangu mnajitesa. Mpingo wa nini kuupaka gundi? Ule ni mti unaozama kwenye maji kwa uzito, una mafuta yake mwenyewe. Piga msasa mkavu mpaka namba 2000, paka nta ya nyuki, hiyo iko tele Manyoni na Singida kwa huyo dada, sugua na kitambaa kwa kasi mpaka nta ipate moto. Unang'aa wenyewe na ukishika mkononi unasikia umeshika mti, sio umeshika plastiki. Sisi tulifanya hivyo kwa bakora za wazee na hakuna aliyerudisha.

Mkereza_Nkuhungu

Marahaba... yaani shikamoo mzee 🙏 (vidole vimewahi). Nakubali mzee ila wateja wangu wanataka mng'ao wa kioo, ukiwapa wa nta wanauliza mbona hii haijamalizwa.

MzeeSeremala_Kongwa

Marahaba mwanangu. Basi wauzie mninga wenye kioo na mpingo wenye nta, na ya nta iweke bei juu. Utaona watakayoitaka.

DadaKerezo_Singida

Mzee kwenye mpingo nakuunga mkono kabisa. Kwenye mninga hapana, jasho la mkono na vinyweleo vile nta haidumu, baada ya miezi inakuwa nyeusi pale kidole kinapokaa, pale gundi ina kazi yake. Na mzee ujue nta haizuii ufa, kipande kibichi kitapasuka tu hata ukipake nini.

Na yule anayeng'ang'ania gundi kwenye mpingo, yale mafuta yake yanazuia gundi kushika, futa kwa asetoni safi dakika chache kabla ya koti la kwanza. Ile dawa ya kutolea rangi ya kucha hapana, nyingi zimewekewa mafuta ya kulainisha ngozi, unafuta mafuta unapaka mafuta.

Fundi_Simu_Majengo

Swali, zile zilizopasuka zinatibika? Sisi kava ya simu ikipasuka tunamwaga baking soda juu yake supagluu, inakuwa jiwe hapo hapo.

DadaKerezo_Singida

Inakuwa jiwe ndio ila jiwe jeupe, kwenye mpingo itaonekana mtaa wa pili. Tumia vumbi la mpingo wenyewe, lile la msasa, jaza kwenye ufa, tone la gundi nyepesi, sugua. Haionekani kabisa. Lakini usimrudishie mteja leo, kama mbao haijamaliza kusinyaa itafungua pembeni ya pale ulipoziba. Hizo peni ziache dirishani miezi kadhaa, au zitoe mrija uanze upya, mi nisingehangaika nazo.

Mkereza_Nkuhungu

Wakuu nimerudi. Nimechomoa zile za mninga. Tone la gundi limemeza weupe kwenye nyingi, yaani inapotea unaangalia hivi hivi, ila kuna chache haikusaidia, hizo nimeziweka kabatini zikauke. Yenye ukungu katikati nimekwangua na wembe nikaiweka kwenye tochi ya simu, ni vitundu tu vidogo vidogo, kama mkate wa kumimina ukiukata. Spreyi nimempa fundi wa makabati hapa jirani.

Sasa maswali. Bushi nifanyeje zisigande, na mpingo nitajuaje umekauka, maana kwa macho wote ni mweusi.

DadaKerezo_Singida

Mpingo pima uzito, hakuna ujanja mwingine wa bei rahisi. Kikate kipande kiwe saizi ya peni kabisa, sentimita mbili kwa mbili urefu kumi na nne hivi, kinene hakikauki leo wala kesho. Ncha zote mbili zichovye kwenye nta iliyoyeyuka, la sivyo zinakauka haraka kuliko katikati na zinapasuka kabla hujaanza kazi. Andika uzito wake na tarehe juu ya kipande kwa chaki au kwa karatasi ya kubandika. Cha saizi hiyo kinacheza gramu 70 hivi. Weka kivulini ndani, sio juani, sio juu ya friji. Kila wiki pima kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Mwanzo utaona kinashuka, halafu taratibu, ukiona wiki tatu nne namba ni ile ile basi kimeshakuwa mwenyeji wa Dodoma, kereza. Inaweza kuchukua miezi, mpingo hauna haraka na mtu.

Na siku ya kutoboa usilazimishe. Mpingo unashika biti unapata moto, na moto peke yake unaweza kuupasua hata ukiwa mkavu. Toboa sentimita moja, toa biti, safisha vumbi, endelea. Kwenye msasa vivyo hivyo, weka kidole, ukiona huwezi kukiacha pale kwa joto simamisha mashine.

Bushi, kwa sasa kabla hujazitoa chukua wembe mpya, mashine izungushe kwa mkono, kata mstari pale mbao inapokutana na chuma mpaka usikie umefika kwenye bushi. Zikigoma kata tena, koleo weka mbali. Ukishatoa, sugua kichwa cha peni kwenye msasa bapa juu ya meza kiwe sawa, kisha paka tone la gundi kwenye kile kichwa, kila ncha, kabla hujagusa msasa wa maji. Hapo maji hayana mlango.

FundiPwani

Mi natumia bushi za plastiki wakati wa kupaka, gundi haishiki. Nilidhani kila mtu anajua hilo.

Mkereza_Nkuhungu

Unazipata wapi kaka? Huku nimeuliza maduka ya vifaa wananishangaa.

FundiPwani

Hazinunuliwi, unatengeneza. Chukua kile kibao cha plastiki cheupe cha kukatia nyama, kile laini kinachoteleza, supagluu haikishiki kabisa. Kata vipande vya mraba, toboa katikati kwa biti inayolingana na ile nondo nyembamba ya kushikia peni kwenye mashine, vaa kwenye nondo, kereza viwe na umbo la koni. Za chuma unazitumia kukerezea tu kupata saizi, ukifika kwenye kupaka gundi unaweka hizi koni, zinagusa ule mrija wa brasi ndani tu, mbao haigusi kitu. Ukimaliza zinatoka zenyewe. Kibao kimoja unapata koni za mwaka mzima, ila usichukue cha mama jikoni bila kuomba.

Na nakubali yaishe kuhusu ufa, nilikuwa sijafikiria habari ya hewa. Ila vile vitubu bado naviona vya hovyo.

DadaKerezo_Singida

Vya hovyo kweli, hapo hatubishani 😂 Nunua chupa, mpya.

Mkereza_Nkuhungu

Nimewaelewa wote, mbarikiwe. Kibao nimepata soko la Majengo, mizani nimeazima kwa jirani anayeoka keki. Nimepima vipande vyangu vya mpingo vya mwezi uliopita, vimeshashuka gramu nne ndani ya wiki moja, yaani hivyo ndo nilikuwa nataka kuvikereza.

Shida iliyobaki, nimeshachukua advansi ya peni za mpingo za mahafali. Nifanyeje?

DadaKerezo_Singida

Vya gramu nne kwa wiki usiviguse. Mpigie mteja leo, mwambie ukweli kwamba mpingo haujakauka, mpe mninga kwa bei ya mninga umrudishie tofauti. Akikataa kabisa mninga, tafuta kipande cha zamani, mguu wa meza au bakora iliyovunjika ambayo imekaa Dodoma miaka. Mzee wa Kongwa lazima anayo stoo.

MzeeSeremala_Kongwa

Ninayo. Njoo nayo hiyo advansi.